Mtegemezi Mmoja

Nakhumicha alifanya kazi kiwandani miaka tisa kabla kiwanda hakijalijua jina lake. Alitoka Kimilili mwaka wa 2004, akafikia kwa binamu yake aliyekuwa amepanga chumba Witeithie, na wiki hiyohiyo akaanza kwenda kusimama nje ya geti moja kubwa katika eneo la viwanda la Thika. Ndani ya geti hilo walitengeneza sabuni na mafuta ya kupikia. Kampuni ilikuwa na matawi mpaka Uganda na Zambia, na hakukuwa na duka la mtaa lililokosa sabuni yake. Lakini pale nje watu walichaguliwa kwa kidole. Msimamizi alitoka saa moja kasoro asubuhi, akatazama umati, akasema: wewe, wewe, na wewe mwenye leso nyekundu. Wasiochaguliwa walirudi nyumbani na njaa yao.

Nakhumicha alikuwa na mabega mapana na hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo alichaguliwa mara nyingi kuliko wenzake. Katika miaka hiyo aliolewa na Jeconia, fundi wa mawe kutoka kwao, aliyefuata kazi za mijengo kati ya Ruiru na Juja. Mwaka wa 2007 wakapata msichana, wakamwita Nekesa.

Mtoto alipofika miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba kama vya mtu aliyeumwa na nyuki. Wakadhani ni baridi. Ikapita miaka miwili ya kupanda na kushuka hospitalini ndipo daktari mmoja alipowaambia ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Jeconia aliuza ndama wake wa Kimilili. Baadaye akauza na ng'ombe aliyemzaa ndama huyo. Maumivu yalipomshika Nekesa, alilia mpaka sauti ikaisha, kisha akalia bila sauti, na kibarua akikosa siku moja kiwandani hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Kidole kilikwenda kwa mwingine, basi.

Ndiyo maana siku ile ya mwaka wa 2013, chama cha wafanyakazi kilipoibana kampuni ikakubali kuwaandika kazi vibarua arobaini, Nakhumicha hakusikiliza habari za mshahara. Afisa alisoma orodha ya marupurupu kwa sauti: ya nyumba, likizo yenye malipo, pensheni, lita mbili za mafuta kila mwisho wa mwezi. Wenzake walipiga vigelegele. Yeye alingoja neno moja, na lilipotajwa, matibabu, alimshika mkono Beth Wamboi aliyesimama kando yake, akaukaza mpaka Beth akasema, "Wee, utanivunja!"

Walipewa fomu yenye mistari mitano ya wategemezi. Nakhumicha alijaza miwili, Jeconia na Nekesa. Baada ya mwezi alipata kadi ngumu yenye picha yake, na kwa kadi ile Nekesa akaanza kuonwa na daktari wa damu katika hospitali ya kibinafsi mjini Thika. Akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Maumivu ambayo yalikuwa yakija kila baada ya wiki tatu sasa yalikaa miezi minne, mitano, bila kurudi. Mtoto akanenepa. Akajua kuruka kamba.

Kuanzia hapo Nakhumicha aliishi kwa ajili ya kadi. Mwoka mikate mmoja wa Ruiru alimtaka awe msimamizi katika duka lake la kuoka, kwa mshahara mzuri zaidi. Akauliza, "Na matibabu?" Mwoka mikate akacheka, akasema watu wake hawagonjeki. Nakhumicha akarudi kwenye mashine yake ya kufunga sabuni. Bega lake la kulia lilianza kuuma kwa kuinua katoni, mpaka akawa hawezi kufunga kitambaa cha kichwa kwa mkono ule, lakini daktari wa kampuni alipokuja kupima wafanyakazi kila mwaka, aliinua mikono yote miwili juu na kutabasamu. Aliogopa kuandikwa kwamba hafai.

Jeconia naye alichoka na mijengo. Mwaka wa 2017 alisema, "Mama Nekesa, turudi nyumbani. Kuna shamba. Hapa tunalipia kodi mpaka hewa."

"Na mtoto atatibiwa na nani?"

"Kwani Kimilili hakuna hospitali?"

"Kuna malaria," alijibu. "Daktari alisema malaria na huyu mtoto ni kama moto na petroli."

Jeconia alirudi peke yake. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, kisha kila Jumapili. Mwaka wa tatu akaoa mwanamke mwingine, na akamwambia mwenyewe, bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nakhumicha hakumtukana. Alikwenda ofisini akaomba fomu, akakata jina lake, akabaki na mtegemezi mmoja.

* * *

Nekesa alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa Juni mwaka jana. Wiki hiyo barua ilikuja kwa Nakhumicha akiwa kazini, na kwa vile ilikuwa imejaa Kiingereza cha ofisi, alivua glavu akaenda nayo kwa afisa wa wafanyakazi. Afisa huyo alikuwa Kagwe, kijana mpole mwenye tai, aliyekuwa na tabia ya kusimama mama mtu mzima akiingia.

"Karibu, Mama Nekesa. Keti."

"Hii inasema nini, Bwana Kagwe?"

"Inasema tu vile mkataba wa bima uko. Mtoto akifika kumi na minane anatoka kwa kava. Isipokuwa awe anasoma. Akiwa anasoma tunamweka mpaka miaka ishirini na mitano. Nekesa anasoma?"

Nakhumicha aliikunja barua mara mbili. Nekesa alikuwa ameacha shule kidato cha tatu, Oktoba iliyotangulia. Nyonga ilianza kumuuma, akalazwa mara mbili katika muhula mmoja, na mwalimu mkuu akashauri apumzike mwaka mzima kwanza, arudi Januari hii iliyokuwa ikija aanze kidato upya.

"Ataingia Januari," alisema.

"Basi Januari mkileta barua ya shule tutamrudisha."

"Kutoka sasa mpaka Januari ni miezi saba."

"Najua, mama."

"Ugonjwa wake hauna habari na hiyo kumi na nane."

Kagwe alitazama mezani. "Hata mimi inaniuma, Ngai anajua. Lakini si mimi. Ni watu wa bima."

"Nikiwauliza watu wa bima?"

"Watakwambia kampuni ndiyo ilinunua kava ya aina hiyo." Akasita, kana kwamba amejisikia mwenyewe. "Kuna ile ya serikali. Mwandikishe."

Alimwandikisha. Lakini kwenye zahanati waliyopangiwa karibu na nyumbani hakukuwa na daktari wa damu, wala vidonge vile. Kuvinunua kwa bei ya famasi kungekula karibu theluthi ya mshahara wake, na bado kulikuwa na vipimo, na bado hakuna aliyejua nyonga ile ingeamka lini. Nakhumicha alilipa vidonge vya Juni. Mwisho wa mwezi akala uji na watoto wa jirani, akijifanya amepita tu kuwasalimia.

Beth ndiye aliyemwambia. Walikuwa wamekaa nyuma ya bohari saa ya chakula, juu ya kreti, na Beth alikuwa akila githeri kwenye kopo la siagi.

"Kuna jamaa Thika mjini, pale nyuma ya maduka ya viatu," alisema bila kuinua macho. "Anaandika barua za koleji. Ina muhuri na kila kitu."

"Ya uongo?"

"Ni karatasi, Nakhumicha. Kwani hawa wanataka nini? Wanataka karatasi." Kisha akasema polepole zaidi, "Kinuthia wangu ana miaka ishirini. Unafikiria anasoma wapi?"

Kinuthia, mwana wa kwanza wa Beth, alikuwa akiosha magari Witeithie. Nakhumicha alimwona kila siku akipita.

Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa safu ya nyuma, na hakuwahi kutoka na kipande cha sabuni kiwandani hata walipokuwa wakitoka nacho wote. Lakini Nekesa alianza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili ili viishe polepole. Alifanya hivyo kwa siri, na mama yake alijua kwa kutikisa chupa. Jumamosi iliyofuata Nakhumicha alikwenda nyuma ya maduka ya viatu. Barua ilisema Nekesa amekubaliwa kusomea urembo na ususi kwa miaka miwili. Kagwe aliipokea, akafurahi kabisa, akasema, "Umeona? Mungu ni mwema." Nakhumicha akashindwa kumtazama.

Nekesa hakuambiwa. Mama yake alisema tu kampuni imeongeza muda. Alifanya hivyo ili mtoto asibebe dhambi isiyo yake.

Vidonge vya Julai na vya Agosti vilikuja kwa kadi. Mapema Septemba kifua kikamkaba Nekesa, akakimbizwa hospitalini akipumua kama mtu aliyezama, akawekwa kwenye oksijeni siku sita. Bili ilipopanda, kampuni ya bima ikatuma mtu wake kukagua, kama wanavyofanya bili ikiwa kubwa. Alikuwa mama mmoja mcheshi mwenye kompyuta ndogo. Alimkuta Nekesa peke yake, ameketi kitandani, mirija puani, hali imeanza kuwa nzuri. Akampa pole. Akamsifu nywele. Kisha akauliza, kama mtu anayepiga gumzo, "Na unasomea koleji gani, mrembo?"

"Sisomi," Nekesa alijibu. "Niliacha mwaka jana. Lakini nitarudi fom thrii Januari."

* * *

Kikao kilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba chenye dirisha kubwa la kioo lililotazama ukumbi wa mashine. Meneja alikaa katikati, Kagwe upande mmoja, mwakilishi wa chama upande wa pili. Barua ilikuwa mezani. Nakhumicha aliulizwa kama anaitambua, akasema ndiyo. Akaulizwa kama anajua ni ya kughushi, akasema ndiyo.

Meneja hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alivua miwani, akasema, "Mama, umekuwa hapa miaka mingi. Faili yako haina doa. Lakini hii si barua ya kwanza, tumepata zingine mbili zenye muhuri huu huu. Tunataka kujua inaanzia wapi humu ndani. Ukituambia ni nani alikuonyesha huyo mtu, tutakupa onyo la maandishi, na utarudi kazini leo leo."

Mwakilishi wa chama alimwinamia sikioni. "Sema tu, mama. Sema uokoe kazi yako."

Nakhumicha aligeuka akatazama kupitia kioo. Beth alikuwa kwenye mashine namba nne, kofia ya buluu kichwani, akipanga sabuni bila kutazama juu, na alivyokuwa akizipanga ilionekana anajua kabisa ni nani aliye ndani ya chumba kile. Mume wa Beth alikuwa na sukari. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa kwenye kifundo, na sindano zake zilitoka kwa kadi. Wadogo zake Kinuthia walikuwa wawili.

"Nilienda mwenyewe," alisema Nakhumicha.

"Hakuna mtu alikuonyesha?"

"Hakuna."

Kagwe alijiegemeza kwenye kiti akafumba macho.

Walimfuta kazi siku hiyohiyo kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na anayefutwa kwa kosa hilo hapewi notisi wala kiinua mgongo. Akaambiwa ashukuru kwamba hawakuita polisi. Kadi alitakiwa kuirudisha. Aliitoa kwenye pochi, akaipangusa kwa kona ya leso kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaiweka mezani. Alipotoka kuchukua vitu vyake kwenye kabati, mashine namba nne haikuwa na mtu. Wenzake walisema Beth amekwenda msalani. Nakhumicha alingoja kidogo, kisha akaona mlinzi anamngoja yeye, akaondoka.

Hospitalini alimkuta Nekesa amekwisha jua. Yule mama wa bima alikuwa amerudi na fomu nyingine, safari hii bila ucheshi.

"Kwa nini hukuniambia?" Nekesa alisema. "Mama, ningesema tu nasoma. Ningesema hata jina la mwalimu."

"Ndiyo sababu sikukuambia."

"Hiyo ni sababu gani sasa?" Sauti ilimpasuka, akaanza kukohoa, na mama yake akamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Bima ilikataa bili nzima ya Septemba. Pensheni ya Nakhumicha, ile sehemu aliyoruhusiwa kuitoa, ilipita mikononi mwake kama maji ikaingia hospitalini, na haikutosha. Binamu yake na watu wa kanisa wakamalizia, na baada ya hapo hakuwa na uso wa kuwaomba tena.

Beth alikuja mara moja. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, naye alibeba lita mbili za mafuta ya kupikia, yale ya mwisho wa mwezi ya kampuni. Alisimama mlangoni.

"Nakhumicha, mimi..."

"Mzee anaendeleaje na sukari?"

"Ako sawa. Walimbadilishia dawa."

"Basi ni vizuri."

Beth aliweka mafuta chini akalia, mabega yakitikisika, na Nakhumicha alimwangalia tu. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao ulikuwa umeingia mpaka kwenye meno. Beth hakurudi tena, na walipokutana sokoni mwezi wa Novemba, Beth alivuka barabara.

Kufikia wakati huo Nakhumicha alikuwa akifulia watu nguo katika magorofa ya Juja, kwa mkono mmoja zaidi ya mwingine, maana sasa hakuwa na mtu wa kumficha bega lile. Zipo siku alizopata nyumba tatu, na zipo siku alizozunguka ngazi zote asipate hata moja. Kodi ya Witeithie ilimshinda. Wakahamia Mwihoko, chumba cha mabati nyuma ya ploti, ambako unyevu ulipanda ukutani na Nekesa aliamka kila asubuhi na mifupa imekaza. Januari ilipofika, hakuna aliyetaja kidato cha tatu.

Ni Nekesa mwenyewe aliyempigia baba yake. Nakhumicha aliporudi kutoka kufua alimkuta amekunja nguo zake, ameziweka kwenye mfuko wa nailoni.

"Nitaenda Kimilili," alisema. "Nimeongea na baba. Mama mdogo pale kwake amekubali."

"Kuna malaria huko."

"Najua."

"Daktari alisema..."

"Mama, daktari mwenyewe hatumwoni tena." Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameshika nyonga. Alisema kwa upole, kama mkubwa akimwambia mdogo, "Ulikataa kazi ya mkate kwa sababu yangu. Baba akaenda kwa sababu yangu. Bega lako ni mimi. Kazi ni mimi. Kila kitu kikiharibika, sababu ni mimi. Nimechoka kuwa sababu. Huku ukiwa peke yako, utapata hata mahali pazuri pa kulala."

Nakhumicha alifungua mdomo kumwambia kwamba si hivyo, kwamba hakuna hata siku moja aliyoijutia. Lakini aliona mtoto ametazama mlangoni, amekwisha kwenda, na aliona pia jambo lililomwogopesha zaidi: kwamba ndani yake mwenyewe, chini kabisa, kulikuwa na kitu kilichopumua kwa nafuu. Akakichukia. Akapiga magoti akaanza kupanga nguo zile upya, ingawa zilikuwa zimepangwa vizuri.

Alimnunulia chandarua chenye dawa na vidonge vya wiki saba, vyote alivyoweza. Asubuhi Jeconia alikuja kumchukua. Alikuwa amezeeka, kofia mkononi, hakujua aketi au asimame. Alisema, "Nitamwangalia, Mama Nekesa." Nakhumicha alimwonyesha jinsi ya kutambua macho yakigeuka manjano, na kwamba asimwache akae na kiu, na kwamba homa si ya kungoja mpaka kesho. Jeconia aliitikia kila neno. Nekesa alimkumbatia mama yake upande wa bega zima.

Mvua za Aprili zilileta mbu, na malaria ikampata. Alilazwa wiki mbili Kimilili. Nakhumicha alipata nauli siku ya tisa, akaenda, akamkuta ameongezwa damu, macho makubwa usoni. Alilala sakafuni chini ya kitanda siku nne, kisha akarudi, maana mama mmoja aliyekuwa akimfulia nyumba mbili alisema atatafuta mwingine. Nekesa alitoka hospitalini akitembelea gongo. Nyonga imekufa, daktari wa huko alisema, inahitaji kubadilishwa, na akaandika kiasi cha pesa kwenye karatasi, ambayo Jeconia aliisoma akaikunja, akaiweka kwenye Biblia.

Sasa Nekesa hupiga simu Jumatano na Jumapili. Husimulia habari za kuku, na za wadogo zake wa mama mdogo, ambao wamempenda na wanamletea maji ya kunawa. Husema yuko sawa. Nakhumicha humwacha aseme, halafu hunyamaza makusudi na kuibana simu sikioni, asikilize anavyovuta pumzi. Wiki hizi tatu zilizopita pumzi imekuwa fupi. Humuuliza, na Nekesa husema ni mtandao.